Mgeni Mpe Jembe: Maoni Juu ya Jaribio la Kwanza la Mwanafunzi

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mgeni asigeuke mzigo kwa wenyeji wake. Kwetu sisi walimu ina funzo jingine. Kila mtoto anayeanza mada mpya ni mgeni katika mada hiyo, na swali la kwanza linalomkabili mwalimu ni hili: mgeni huyu apewe jembe lini? Katika madarasa yetu mengi mgeni hukalishwa akasimuliwa habari za jembe: jinsi mpini ulivyotiwa, jinsi ya kulishika, na makosa ya watu waliolishika vibaya. Anapokaribia kulishika yeye mwenyewe, kengele imekwisha lia.

Makala haya yanatetea rai kwamba mwanafunzi apewe kazi ya mikono katika dakika za mwanzo za mada mpya, kabla ya kuelezwa kanuni zake. Na kwamba jaribio hilo la kwanza lisimamiwe kwa uangalifu kuliko jaribio jingine lolote, kwa kuwa ndilo linaloamua kama mtoto atabaki au ataondoka. Simkusudii mtoto anayetoroka shule. Namkusudia yule anayeendelea kukaa dawatini, daftari mbele yake, hali moyoni amekwisha kata shauri kwamba hesabu si zake. Mtoto huyo humwoni katika rejesta ya mahudhurio, maana kila siku yupo.

Ili kuieleza rai hii nitaanzia mahali ambapo huenda wanachuo wengi hawatarajii kuanzia katika jarida la mbinu za kufundishia, yaani katika michezo.

Jinsi mchezo wa simu ulivyompokea mgeni

Tuchukue mfano wa Soga, katika Mkoa wa Pwani. Reli iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1907 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilipita hapo, na reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya miji hiyo miwili mwezi Juni 2024, nayo ina kituo hapo. Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha mahali kama hapo asistaajabu akikuta wazee wakicheza bao kivulini, na hatua chache kutoka hapo vijana wameinamia simu wakipigana vita vya intaneti. Michezo yote miwili ni ya vita, na yote miwili humtaka mchezaji afikiri kabla ya kutenda. Wote wawili, mzee na kijana, walikuwa wageni siku moja.

Tuanze na mchezo wa simu. Mwaka 2012 kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland, ilitoa mchezo uitwao Clash of Clans. Mchezaji hupewa kijiji. Hukijenga, hukizungushia kuta, huweka mizinga, huandaa askari, kisha hushambulia vijiji vya wachezaji wengine walioko popote duniani, nao humshambulia. Kanuni zake ni nyingi mno. Kila aina ya askari ina nguvu yake na udhaifu wake, kila jengo lina gharama yake, na kila ukuta una mahali pa kufaa na mahali pasipofaa. Mtu akizikusanya kanuni zote pamoja atapata kitabu kinene.

Walakini mgeni hakupewa kitabu. Mchezo ulipotoka, aliyeufungua kwa mara ya kwanza alikuta vibwengo wakijiandaa kukivamia kijiji chake. Mtu mmoja wa kijijini alimwambia kwa maneno machache kwamba aweke mzinga, na mshale ukamwonyesha mahali pa kugusa. Akaweka. Vibwengo wakaja, mzinga ukawapiga. Kisha akapewa wachawi wachache warusha moto, akawapeleka katika kambi ya vibwengo wale wale, nayo ikateketea. Yote hayo yalichukua dakika chache. Mgeni alikuwa amekwisha linda, amekwisha shambulia, na amekwisha shinda, hali hajui hata robo ya kanuni za vita vyenyewe.

Mwandishi wa makala haya aliutazama mwanzo huo kwa jicho la mkufunzi. Kilichomvutia si picha wala milio. Kilichomvutia ni kwamba maelezo yalikuwa machache, na kila elezo lilikuja likiwa jawabu la swali ambalo kidole kilikuwa kimekwisha liuliza. Mgeni alielezwa habari za mzinga wakati adui yuko njiani, si kabla na si baada ya hapo. Sisi darasani mara nyingi hutoa majawabu ya maswali ambayo hakuna mtoto aliyeyauliza, kisha tukalaumu usahaulifu wao.

Masharti matatu ya jaribio la kwanza

Kutokana na mfano huo twaweza kupata masharti matatu. Jembe likitolewa bila masharti haya litamkata mgeni mguu, naye hatalishika tena.

Sharti la kwanza: kazi iwe ndogo, lakini iwe kamili. Mgeni wa mchezo ule hakufundishwa leo majina ya mizinga na kesho majina ya kuta. Alipewa vita vidogo vyenye mwanzo, kati na mwisho. Katika shule zetu mada hukatwa vipande, na mtoto hupewa kipande kimoja kimoja kwa majuma kadhaa bila kuonyeshwa kitu kizima kinachoundwa na vipande hivyo. Mtoto wa Darasa la Kwanza anayechora vijiti na viduara majuma kwa majuma hajui kwamba anaelekea kuandika jina la mama yake. Heri aandike neno moja zima, tena kwa mwandiko mbaya, siku ya kwanza. Kisha hivyo vijiti na viduara atavitaka mwenyewe.

Sharti la pili: jaribio la kwanza liwe na ngao. Katika miaka yake ya mwanzo mchezo ule ulimpa mgeni ngao ya siku 3, ambazo katika hizo hakuna mchezaji mwingine aliyeweza kukivamia kijiji chake. Waliouunda walifahamu kwamba mtu akiporwa siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Darasani kwetu ngao hiyo ni nadra. Mwalimu humaliza maelezo, huandika swali ubaoni, humwita mtoto mmoja, naye mtoto husimama mbele ya wenzake akiwa na chaki mkononi katika jaribio lake la kwanza kabisa. Akikosa, darasa hucheka, na mwalimu huuliza, “Nani amsaidie mwenzake?” Mikono kumi huinuka. Kila mkono ulioinuka ni jiwe moja juu ya mgongo wa mtoto yule. Mwalimu hakukusudia ubaya. Alitaka jibu sahihi lipatikane haraka. Lakini mtoto amejifunza jambo moja kubwa kuliko hesabu ile, nalo ni kwamba kujaribu kuna hatari.

Sharti la tatu: kushindwa kuwe kwa kusomeka. Mgeni wa mchezo wa simu, ngao yake inapokwisha, hushindwa mara nyingi. Huwashusha askari wake wote mahali pamoja mbele ya mzinga, nao huangamia. Lakini kijiji chake kikivamiwa, mchezo humpa nafasi ya kuyatazama tena mapigano yale. Anaona adui alikopenya, anaona ukuta ulioachwa wazi, anauziba. Hapana aliyemwambia kwamba yeye ni mjinga. Ukuta ndio uliokuwa wazi.

Tulinganishe na usahihishaji wetu. Mtoto ameandika 43 – 17 = 34. Mwalimu huweka mkasi kwa kalamu nyekundu na kuandika “Rudia.” Arudie nini? Kwa maoni yake ametenda alivyoagizwa. Kati ya 3 na 7 ametoa namba ndogo katika kubwa akapata 4. Kisha 1 katika 4 akapata 3. Kosa lake lina mantiki, tena linarudi kila anapokutana na hesabu ya namna hiyo. Mkasi mwekundu haumwonyeshi mahali adui alikopenya. Lakini mwalimu akimpa mafungu 4 ya vijiti kumi kumi na vijiti 3 vya pekee, akamwambia aondoe vijiti 17, mtoto ataona mwenyewe kwamba vijiti 3 havitoshi kutoa 7, na kwamba hana budi kulifungua fungu moja. Mwisho atahesabu vijiti 26 vilivyobaki. Hapo ameyatazama mapigano upya, na neno “kukopa,” ambalo mwalimu amekuwa akilitaja majuma mawili, limepata maana.

Tusiyoyaiga

Msomaji asidhani kwamba nasema watoto wa shule ya msingi wapewe simu, au kwamba mchezo huo ni mwalimu bora kuliko mwalimu. La hasha. Mchezo wa simu una kasoro mbili ambazo mwalimu lazima azikwepe.

Kasoro ya kwanza ni kwamba hauulizi kwa nini. Mchezaji akishinda kwa kubahatisha hupewa dhahabu ile ile anayopewa aliyeshinda kwa akili. Kazi ya mwalimu huanzia hapo mchezo unapokomea. Mkono ukisha kutenda, mwalimu huuliza: Umefanyaje? Kwa nini hukuanzia upande ule? Kama ningeondoa kimoja, ingekuwaje? Mtoto asiyeulizwa maswali hayo atakuwa na mazoea bila maarifa. Kwa hiyo rai ya makala haya si kwamba kanuni ziachwe. Ni kwamba kanuni zije baada ya mkono kuzihitaji, na zije kwa kinywa cha mtoto kabla ya kuja kwa kinywa cha mwalimu.

Kasoro ya pili ni ya nia. Mchezo ule hauna ada ya kuingia, lakini una vito vinavyouzwa kwa fedha halisi, na mwenye vito huharakisha ujenzi ambao wengine huungojea kwa saa au siku nyingi. Kwa hiyo ukarimu ule wa siku za kwanza una hesabu yake ya biashara. Mchezo hautaki mgeni ahitimu aondoke. Wamtaka arudi kesho na kesho kutwa. Shule yataka kinyume cha hayo. Yataka mtoto alichukue jembe aende nalo shambani kwake, asimhitaji mwalimu tena. Tujifunze basi kwao namna ya kumpokea mgeni, wala tusijifunze namna ya kumfunga.

Bao la kujifunza

Kwa bahati njema hatuna haja ya kwenda Finland kuitafuta hekima hii. Imo barazani kwetu. Bao lina mashimo 32, safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Ni mchezo wa vita kamili, maana unapokula unateka kete za adui na kuziingiza katika jeshi lako. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kiongozi wa taifa, alijulikana kwa kulipenda. Mtaalamu Mholanzi Alexander de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, akaandika juu ya uwezo wao wa akili katika tasnifu yake ya mwaka 1995.

Bao la kiswahili, yaani lile la mabingwa, ni gumu kwa mgeni. Huanza kila mchezaji akiwa na kete 10 tu mashimoni, 6 katika nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, huku kete 22 zikiwa ghalani. Zipo kanuni za kunamua, za mtaji, za nyumba, za kichwa na kimbi. Lakini watu wetu waliweka pia namna nyingine, nao wakaipa jina lisilo na fumbo: bao la kujifunza. Katika bao hilo kete zote zimo mashimoni tangu mwanzo, 2 katika kila shimo. Hakuna ghala wala kunamua. Mgeni huanza kucheza papo hapo. Tazama busara iliyomo: hawakumpa mgeni nusu ya bao, walimpa bao dogo lililo kamili. Ni sharti letu la kwanza lile lile, tena lilitangulia simu kwa miaka mingi.

Sasa tulipeleke bao hilo darasani. Chukua Darasa la Tatu, kipindi cha Hisabati cha dakika 40, katika shule isiyo na zana za dukani. Mashimo yachimbwe mchangani nje ya darasa. Kete ziwe komwe, kokoto au mbegu zozote. Watoto wakae wanne wanne kwa kila bao, wawili kila upande. Somo laweza kwenda hivi:

1. Dakika 10 za kwanza: watoto waweke kete 2 katika kila shimo, kisha kila upande useme una kete ngapi. Mwalimu asitaje kuzidisha. Wapo watakaohesabu moja moja hadi 32, wapo watakaohesabu mbili mbili, na wapo watakaoona kwamba safu moja ina 16 na kwamba 16 mara mbili yatosha. Wasikilizane.

2. Dakika 15 zinazofuata: waelezwe jambo moja tu, kwamba kete za shimo moja husambazwa moja moja katika mashimo yanayofuata, kuzunguka safu mbili za upande wako. Wajaribu. Makosa yasiandikwe popote. Hii ndiyo ngao yao.

3. Dakika 10: mwalimu aulize kabla ya mkono kugusa. Shimo hili likiwa na kete 5, ya mwisho itaangukia wapi? Likiwa na 9? Je, likiwa na 16? Watoto watakapogundua kwamba kete 16 hurudi kuishia pale pale zilipotoka, kwa sababu mzunguko una mashimo 16, watakuwa wamegusa hisabati ambayo vitabu huieleza kwa maneno mazito.

4. Dakika 5 za mwisho: kila kundi liseme kanuni moja lililoigundua, na mwalimu aiandike ubaoni kwa maneno yao. Kanuni ya kula kete za adui ingoje kipindi kijacho, nao wataiulizia wenyewe.

Pingamizi na majibu yake

Mwanachuo atasema: darasa langu litakuwa na watoto wengi mno; siwezi kumsimamia kila mgeni. Pingamizi hili ni la haki. Jibu moja linatoka Uganda. Mnamo mwaka 2005, katika mtaa wa Katwe, Kampala, mtoto aitwaye Phiona Mutesi alifika mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto mchezo wa sataranji na kuwapa uji. Aliyekabidhiwa kumfundisha mgeni huyo hatua za kwanza hakuwa Katende mwenyewe. Alikuwa msichana mdogo zaidi yake, wa umri wa miaka kama minne hivi. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Aliyejifunza jana anakumbuka bado palipomtatiza, hivyo anafaa sana kumpokea mgeni wa leo. Katika darasa kubwa, walimu wadogo wa namna hiyo ni wengi. Hawajapewa kazi tu.

Wengine watasema kwamba mtoto akianza kwa mkono bila kanuni atazoea vibaya, na mazoea mabaya hayang’oki. Ni kweli akiachwa peke yake kwa mwezi mzima. Hapa tunazungumza juu ya dakika 10 au 15, mwalimu akiwa karibu. Kosa lililoonekana katika dakika hizo hurekebishwa kwa urahisi kuliko lile linalojificha ndani ya daftari hadi mtihani.

Wapo pia watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani unakaribia. Nawajibu kwamba muda unaopotea zaidi shuleni ni ule wa kurudia maelezo kwa watoto waliokwisha kata tamaa. Mwalimu aliyefundisha kutoa kwa kukopa mara nne kwa maneno hajaokoa muda wowote.

Neno kwa wakufunzi na wanachuo

Napendekeza mambo mawili yanayoweza kutendeka bila fedha. Wakufunzi tunaokagua mazoezi ya kufundisha tuandike katika ripoti zetu dakika ambayo mikono ya watoto ilianza kazi. Tukiona somo la dakika 40 ambalo mkono wa mtoto ulianza kazi katika dakika ya 30, tulijadili na mwanachuo kabla ya kujadili mwandiko wake wa ubaoni. Nanyi wanachuo, kila mwandikapo andalio la somo la mada mpya, jiulizeni maswali matatu: Mgeni wangu atashika nini kwanza? Akikosa, nani atamwona? Na baada ya kukosa, ataonaje alikokosea?

Mwanachuo asiyeweza kuyajibu maswali hayo hajawa tayari kuingia darasani asubuhi hiyo, hata kama amelihifadhi somo zima kwa moyo. Kanuni anazijua yeye. Mtoto anayemngoja bado ni mgeni, na mgeni huyo amekuja na mikono yake miwili.